Seva Iliyofunikwa Blanketi

Jumatatu, 3 Machi
Simu imejaa. Imeniambia hivyo mara tu nilipomaliza kurekodi hatua za kwanza za Bosi. Bosi ni mwanangu. Cheo amejipa mwenyewe. Alitoka kwenye kochi hadi kwenye kapu la nguo chafu, akasimama kama mkaguzi, akakaa.

Baba yake yuko safari ya kikazi mpaka Jumamosi. Aliomba nimtumie video. Nikamwambia hatua za mwanawe haziangaliwi kwenye kioo cha simu chenye ufa. Akirudi ataziona kwenye televisheni, amekaa, amekunja nne.

Mdogo wa mume wangu, Shemeji Kesho (jina amelipata kwa jasho, kila ahadi yake ni kesho), akashauri nilipie nafasi ya kuhifadhi mtandaoni. Nikasema picha za mwanangu hazitapanga nyumba ya watu. Nitajenga seva yangu, mashine ya kuzitunza humu humu nyumbani. Shemeji akacheka mpaka chai ikamtokea puani.

Tutaona nani atacheka.

Jumanne, 4 Machi
Nimeitoa kompyuta kuukuu chini ya meza. Ndani kulikuwa na buibui na soksi ya Bosi.

Programu niliyoweka ni huria. Maana yake walioitengeneza wameiacha wazi, kila mtu aione ndani na aitumie bure. Watu wenye moyo. Kijana wa kwenye video anayefundisha anaongea kama anakimbizwa, na kila aliposema "rahisi tu" nilirudisha nyuma. Bosi naye akazima kompyuta kwa kidole, kwa sababu kitufe chake kinawaka. Nimekiziba kwa plasta ya kidonda.

Diski moja ni yetu. Ya pili nimeazima kwa Shemeji. Kila kinachoingia kinaandikwa kwenye zote mbili, moja ikifa nyingine inabaki. Kama kuzaa pacha.

Imekubali! Nimehamishia video, nimeitazama kwenye televisheni, nikaifuta kwenye simu. Simu sasa inapumua. Mimi pia.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji Kesho anatangaza mtaani kwamba seva ni yake nusu. Nimeyasikia kwa muuza duka, ambaye hata kutia chaji redio yake anaitiwa mtu. Ati bila diski ya Shemeji ningekuwa bado nalia na simu.

Nimezima mashine, nimechomoa diski yake, nimempelekea mlangoni. Nikamwambia kwa adabu kabisa: Shemeji, chukua chako, na nusu yako, na mdomo wako. Akasema poa tu, ataifuta aweke michezo yake. Lini? Kesho.

Nilipowasha, programu iliniletea onyo jekundu, refu, kwamba imebaki diski moja tu. Nimelisoma. Nimeona lina kiherehere.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe, ambaye chumba chake kimepakana na sebule, anasema mashine inakoroma kama marehemu baba mkwe, na yeye alishamaliza zamu yake ya kuvumilia. Mkwe hajibiwi. Nimeifunika kwa blanketi la Bosi, lile zito lenye tembo, nikalichomeka vizuri pembeni kote.

Kimya. Unabaki mvumo mdogo tu. Na ajabu: Bosi, ambaye usingizi wa mchana huupiga vita, alijilaza mbele yake akalala fofofo. Nimekunywa chai ikiwa moto. Sikumbuki mara ya mwisho.

Akili ni nywele, na zangu leo zimesukwa.

Jumamosi, 8 Machi
Baba Bosi amerudi. Ameoga, amekaa, amekunja nne. Nimewasha televisheni.

Hakuna kitu.

Nimefunua blanketi. Mashine moto kama pasi, tembo mmoja amebadilika rangi. Diski inagonga tik, tik, kama mtu aliyefungiwa nje. Mume wangu akauliza taratibu kama video ipo bado kwenye simu. Nikasema nimeifuta. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema si kitu, Bosi atatembea tena. Tukamsimamisha Bosi. Akakaa. Tukamsimamisha tena. Akalala chali akatuangalia.

Nimeingia jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi, nikalia kidogo. Hatua za kwanza hazirudiwi.

Kisha nikaenda kwa Shemeji, nimevaa khanga na unyenyekevu. Nikamuuliza, shemeji yangu mpendwa, ile diski umeshaifuta? Akajikuna kichwa. Akasema samahani sana, shemeji, bado. Si alisema kesho?

Sijawahi kuupenda uvivu wa mtu namna ile.

Tumeiacha mashine ipoe, tukairudisha diski yake. Kapu la nguo likatokea kwenye televisheni, na Bosi huyo analiendea. Mume wangu akairudia, akairudia. Akafuta macho, akasema ni vumbi la kompyuta. Mama mkwe akasema vumbi hilo hata marehemu alikuwa nalo. Halafu Bosi mwenyewe akajiona, akasimama, akatembea mpaka kwenye televisheni akampiga kofi yule mtoto wa ndani.

Baba yake ameona. Kwa macho yake.

Jumatatu, 10 Machi
Mume wangu amenunua diski mpya badala ya yetu iliyokufa; pamoja na ya Shemeji, pacha wamerudi. Shemeji amenisomea masharti mawili: mashine isifunikwe tena, na nakala nyingine ikae kwake. Nimeapa mbele ya mama mkwe. Nimejifunza, na kujifunza hakuna aibu.

Jioni.
Bosi hataki kulala bila ule mvumo mdogo, na mashine ikiwa wazi inanguruma. Nimeifunika kwa shuka. Shuka si blanketi.

Simu imejaa tena. Nimehamishia kila kitu kwenye seva, nimefuta kwenye simu. Nakala ya Shemeji itasubiri.

Na nimepita dukani. Muuza duka amenipa pole, halafu akanisifu kwa kupata shemeji fundi, aliyeiokoa seva yake nzima. Sasa si nusu tena. Nzima.

Nimechomoa diski yake. Kesho namrudishia.