Kanisa la Vinywa Safi Lakanusha

Jumatatu, 3 Machi

Vita! Tajudini, fundi cherehani jirani yangu hapa Kamenge, ameniletea habari. Léocadie, muuza visamaki vya ndagala aliyetoroka kanisani kwetu, amesema redioni kuwa Nabii Moïse anakula mukeke wa kuchoma kwa siri katika nyumba moja kule Kanyosha. Nabii! Yeye aliyetukataza samaki wote wa ziwa! Waumini hawajui lolote, maana redio nayo tumekatazwa. Lakini mimi, Destin, ni Msemaji wa Kanisa la Vinywa Safi. Msemaji hanyamazi. Mke wangu Lisette, kiongozi wa kwaya, kaniambia niachane na mambo hayo. Wivu wa cheo.

Jumatano, 5 Machi

Nimekanusha ibadani, jambo kwa jambo. Si kweli kwamba ni mukeke. Si kweli kwamba ni Kanyosha. Si kweli kwamba huongezewa pilipili. Kanisa zima lilinikodolea macho! Nimewaweza. Baadaye Mama Olga akauliza hiyo nyumba ya Kanyosha iko upande gani wa barabara. Jioni alikuwa ameshahamia kanisa la Cibitoke na familia yake yote. Imani haba, waende. Nabii hakunipongeza. Alikuwa akichokoa meno.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Redio imenipa nafasi ya kujibu, kesho, moja kwa moja hewani. Nimemwomba Nabii awaruhusu waumini wasikilize kipindi hicho kimoja tu. Amejikuna kichwa sana, kisha akakubali. Nimepita nyumba kwa nyumba kuwahimiza waazime redio.

Lisette amepika sombe, majani ya muhogo matupu bila ndagala, kama kila siku tangu tuokoke. Anasema ikiwa Nabii anakula samaki kweli, yeye anaondoka na kwaya nzima. Bila kwaya hatuna kanisa. Bila Lisette mimi sina nyumba. Lakini nina ulimi!

Jumamosi, 8 Machi

Mtangazaji alianza kwa kurudia maneno yote ya Léocadie, eti kuwakumbusha wasikilizaji. Kisha akauliza kama Nabii anakula samaki. Nikasema hapana. Akasema kuna watu walimwona ameshika mukeke. Hapo ndipo niling'aa. Nikasema yule samaki alikuwa wangu! Nabii alinibebea tu, kwa unyenyekevu. Heshima ya Nabii imepona! Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Lisette alikuwa akifunga mizigo. "Kumbe we unakulaka mukeke, mi unaniachia sombe?" Nikamwambia ni mbinu ya kazi, sijaonja samaki tangu nibatizwe. Akauliza basi samaki alikuwa wa nani. Maswali mengine hayataki haraka. Amekwenda kwa Léocadie, kwaya nyuma yake. Iliniuma, sifichi. Waliondoka wakiimba, tena vizuri kuliko Jumapili zote.

Jumapili, 9 Machi

Ibada ya leo: Nabii na mimi. Hatujawahi kuwa na umoja kama huu. Hakuna aliyenung'unika hata kidogo.

Tajudini ameleta ujumbe. Lisette atarudi nikisema hadharani samaki alikuwa wa nani. Nimejibu kwamba Msemaji hasemi ovyo. La muhimu ni kwamba mtaa mzima unadhani kwaya ilikwenda mazoezini. Anayejua kuwa nimeachwa ni Tajudini peke yake, na ameapa hatamwambia mtu.

Lakini uvumi huanza hivihivi! Nimeazima kipaza sauti. Kesho asubuhi napita Kamenge yote kukanusha.