Chaji ya Jumapili

Jumatatu, 30 Nehase

Sijalala. Jana jioni binti yetu Serkalem alipiga simu kutoka Beirut. Bibi aliyemwajiri humruhusu kushika simu Jumapili tu. Akasema, Baba, mkataba umekwisha, bibi anataka nisaini miaka miwili tena, lakini mimi nataka... Kimya. Simu imezima! Na ilikuwa na asilimia arobaini!

Mke wangu Wubalem akauliza mtoto anataka nini. Hilo nalo la kuuliza? Anataka kurudi nyumbani. Anangoja ruhusa ya baba yake tu. Kesho tunaingia Pagume, mwezi wa siku tano tu; Jumapili, mwaka mpya, nitamwambia neno moja: rudi.

Wubalem anashauri laini tuitie kwenye kitochi cha jirani, Shibeshi. Kamwe! Huyo ndiye aliyesema simu janja yangu inaishi ukutani kama mgonjwa wa dripu. Mimi, dalali wa nyumba ninayejulikana mji mzima wa Debre Markos, niazime kitochi? Nimepakua programu nne za kuokoa chaji. Akili ni mali.

Jumanne, 1 Pagume

Programu za kuokoa chaji zinakula chaji. Zote nne! Nikigusa jina la mtu, Wubalem anamaliza kumimina kahawa ya kwanza ndipo linafunguka.

Fundi kasema nizifute, zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Nifute na picha za nyumba zilizokwisha kupangishwa. Na betri imevimba, ibadilishwe. Betri, betri! Kila fundi ana betri ya kuuza. Picha nazo sifuti, ndilo duka langu. Nimepunguza mwanga wa kioo, basi. Mchana nikamwonyesha mteja picha ya nyumba nzuri ya vyumba viwili. Akauliza kwa nini haina madirisha. Kaenda zake.

Alhamisi, 3 Pagume

Siku ya Malaika Rufael. Mvua yake ya baraka imeshuka asubuhi, mtaa mzima tukatoka kuoga. Wubalem alisimama muda mrefu kuliko wote, uso juu, akilitaja jina la Serkalem. Nilishindwa kumtazama.

Ndipo nikawaza: maji yanayoponya migongo ya wazee yatashindwa na betri? Matone matatu tu. Nikaitoa simu kotini. Mikono imelowa. Ikateleza. Dimbwini!

Shibeshi alikuwa uzioni, atakosaje? Akapaza sauti, akiniita Gashe kama mzee wa heshima: hongera ya ubatizo, Gashe Ayalneh! Mtoto kapewa jina gani?

Ijumaa, 4 Pagume

Simu imekufa. Watu wanasema mchele hunyonya maji. Mchele hatuna. Teff ipo, gunia zima, na hakuna nafaka ndogo kuliko hiyo. Nikapiga hesabu: punje ndogo, hupenya kila mahali. Nimeizika humo. Wubalem akalifunga gunia, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 5 Pagume

Imefufuka! Asilimia kumi na moja! Kweli teff hupenya kila mahali. Tundu la chaji limejaa, waya hauingii. Nikichokoa kwa sindano, punje zinazama zaidi. Shibeshi kasema ningeongeza maji kidogo tungekula mkate wa injera.

Mchana Wubalem alikwenda kwa Shibeshi akarudi na kitochi. Eti jamaa alikitoa papo hapo, bila hata kutania. Hilo ndilo lililoniuma. Wubalem alipokwenda sokoni kununua nyasi za kutandaza sikukuu, nikakirudisha. Nikamwambia Shibeshi yangu imepona. Asilimia kumi na moja zinatosha neno moja.

Jumapili, 1 Meskerem

Mwaka mpya. Nyasi mbichi sakafuni. Mabinti wa mtaa walikuja kuimba na maua yao ya njano. Wubalem aliwapa mkate, kisha akajifuta macho kwa shali. Alikitafuta kitochi. Nikasema hatukihitaji.

Jioni simu ikalia. Asilimia tisa! Serkalem akauliza, Baba, Jumapili ile ulinikatia? Mimi nimkatie mwanangu! Ikabidi nieleze. Programu, mvua, dimbwi. Akacheka. Miezi mingapi sijasikia kicheko hicho! Nikaongeza teff. Akacheka mpaka akakohoa. Wubalem ananivuta mkono: mwambie, baba Serkalem, mwambie! Nami sikutaka kicheko kile kiishe. Sijui ulimi uliponyokaje. Nikasema, mwanangu, baba yako angekuwa na simu mpya, haya yote yasingetokea.

Kicheko kikaisha. Akauliza simu mpya inakaa na chaji? Siku mbili nzima, nikamjibu. Akasema kwa sauti ndogo: basi, Baba, kesho nasaini. Nitakununulia.

Nikafungua mdomo niseme rudi. Kioo cheusi.

Wubalem akauliza kasema nini. Nikasema anatutakia heri ya mwaka mpya. Alinitazama sana, kisha akaenda kukaa nje peke yake, kahawa yake akaiacha. Nimelia nyuma ya nyumba. Miaka miwili! Binti yangu, miaka miwili!

Shibeshi alinikuta huko. Kaleta kitochi mwenyewe. Akasema kwa upole, weka laini yako humu, Gashe, huenda mtoto akapiga tena usiku huu. Nikapangusa uso. Nikamwambia asante, aende nacho tu, simu mpya inakuja kutoka Beirut.

Jumapili ijayo nitamwambia asisaini. Nimesikia betri ikianikwa juani hurudia ujana. Kesho naianika.