Dada Mfuko na Kitanda cha Mbao za Zege

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Afisa wa ustawi amepiga simu. Jumamosi asubuhi anakuja kukagua nyumba yetu kwa mara ya mwisho. Akiridhika, binti yetu anakuja. Asiporidhika, tunarudishwa nyuma ya foleni, na kwenye foleni hiyo huu ni mwaka wa pili tumesimama.

Niandike vizuri, maana nikichoka nasahau hata niliyoyatenda mwenyewe. Mke wangu alikwenda nyumbani kumzika baba yake. Akapita kwenye kituo cha watoto yatima, dada yake ni mpishi pale. Katoto ka kike kakamshika kidole. Kakakataa kukiachia. Mke wangu akarudi huku ugenini na kidole chake, lakini moyo aliuacha kule. Akasema tumwasili, awe binti yetu. Nikasema tunao wawili, chumba cha watoto ni kimoja, na mimi ni mwashi nisiyemaliza hata darasa la saba. Akanionyesha picha. Nikasema sawa. Mtu atasema nini mbele ya mashavu yale?

Hao wawili: wa kike ana miaka sita, tunamwita Hakimu, kwa kuwa hakuna kesi ndani ya nyumba hii asiyoitolea hukumu. Wa kiume ana mitatu, tunamwita Gundi. Nikirudi kazini ananiganda mguuni, natembea naye hivyo hivyo mpaka mezani.

Afisa nimempa jina Bi Miwani. Anazo mbili: ya kusomea na ya kukutilia shaka. Amesema anataka kuona mtoto atalala wapi. Basi, kitanda. Nitamtengenezea binti yangu kitanda kwa mikono hii hii iliyojenga nusu ya mji wa watu. Mke wangu akauliza kwa nini nisimwombe jirani. Sikujibu. Mtu mzima hajibu matusi.

Jumanne, 4 Machi

Jirani mwenyewe ni seremala. Mlango wake unatazamana na wetu. Wote tunamwita Randa. Ametoka nchi moja na mke wangu, kwa hiyo ananiita shemeji, na kwa kuniita shemeji amejipa haki ya kunitania mchana kutwa. Mimi sikumpa.

Nyapara wetu kazini kaniruhusu kuchukua mbao za zamani, zile tunazofungia zege. Zina saruji kavu kwenye kingo. Nimeiacha, ni pambo. Nilizipandisha ngazi zote begani, maana lifti ya jengo hili ilikufa kabla hatujahamia.

Randa akanikuta kwenye ngazi. Akaniuliza, shemeji, unajenga zizi? Nikamwambia ni kitanda cha binti yangu. Akaacha kucheka. Akasema kwa adabu kabisa kwamba ana mapumziko, atanisaidia. Nikamshukuru. Nikamwambia mwenye shoka hakosi kuni. Akasema kweli, shemeji, ila wewe huna shoka, una mwiko na pima maji vya mwashi.

Mke wangu alicheka. Alijifunika mdomo, lakini mabega niliyaona.

Jumatano, 5 Machi

Kitanda kimekwisha. Kizuri sana. Mguu mmoja ni mfupi kidogo, nimeuwekea kipande cha kigae. Hakimu alikilalia, akabingirika taratibu mpaka ukutani. Akatoa hukumu kwamba kina kilima. Nikamweleza kwamba kilima ndicho chenyewe: mtoto akibingirika anaangukia ukuta, haangukii sakafu. Hakukata rufaa.

Randa alikuja kuazima chumvi. Akakitazama kitanda. Akakigusa kwa kidole kimoja. Kitanda kikalia.  Akarudi kwake, na chumvi akaisahau.

Lakini kitanda ni nusu tu ya mpango. Jumapili wanangu walipigana kwa ajili ya kijiko. Kijiko! Na droo imejaa vijiko. Watu kama hao Bi Miwani atawakabidhije mdogo wao? Wanahitaji mazoezi. Jengo hatulipandishi juu bila kwanza kujaribu msingi.

Kazini kulikuwa na mfuko wa saruji uliofunguliwa. Nyapara alisema utaharibika, chukua kilichobaki. Nikaupeleka kwenye mizani ya stoo, nikawa napunguza, napunguza, mpaka kilo kumi na mbili. Ndio uzito wa binti yetu, kwa maneno ya shemeji yangu mpishi. Nikaufunga kwa nailoni na utepe, nikauvalisha foronya. Hakimu akachora macho na nywele. Gundi akauliza anaitwa nani. Nikasema huyu ni mfano tu. Akamshika upande ambao ungekuwa mkono, akasema, karibu, Dada Mfuko.

Mke wangu akauliza kama nimewahi kusikia habari za mwanasesere. Nikamfundisha kwamba mwanasesere hana uzito, na mtoto ni uzito. Yeye aliyebeba mimba mbili akanitazama tu, akaendelea kukunja nguo.

Alhamisi, 6 Machi

Mafanikio makubwa. Gundi amemgawia Dada Mfuko nusu ya mkate wake. Hakimu amempangia zamu ya kukaa dirishani. Vijiko havijagombaniwa. Nimejisikia mtu.

Jioni nilimbeba kupanda na kushuka ngazi, nizoee. Nilikuwa nambembeleza kidogo, maana mtoto wa kweli atalia kwenye ngazi. Bibi wa ghorofa ya chini akafungua mlango, akaniona, akafunga. Nikasikia na komeo.

Kisha nikawafundisha watoto majibu. Baba hapandishi sauti. Tunapenda mboga. Tunalala mapema. Gundi akayashika yote, ila anayajibu kwa pamoja, hata ukimuuliza jina. Hakimu akauliza kama waseme pia kwamba wamefundishwa. Nikasema hapana. Akauliza kama huo si uongo. Nikapandisha sauti.

Mke wangu ananionya kwamba watoto watatoboa ile nailoni. Amesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kujenga ukuta ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwa hiyo hakunitisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi mgongo umekufa. Nyumba kimya. Mzazi yeyote anajua kimya cha watoto wawili ni kengele ya moto.

Wako bafuni. Dada Mfuko yuko kwenye beseni. Kumbe jana Gundi alimtoboa mdomo kwa uma, ili anywe maziwa. Na leo Hakimu ameamua kwamba mgeni hawezi kuja kesho akakuta mtoto mchafu. Maji yote ya beseni yamekuwa kijivu.

Mke wangu akawahi kutoka jikoni, akawaosha mikono kwa maji mengi, maana saruji mbichi hula ngozi. Wako salama, hata wekundu hakuna. Mimi nikaogeshwa kwa maneno.

Nilitaka kumtupa Dada Mfuko. Gundi akalia, akalia, mpaka Randa akagonga kuuliza nani kafa. Nikashindwa. Nikamkamua maji, nikamlaza juu ya mbao za kitanda kipya, godoro bado, nikamfunika blanketi. Kesho mapema nitamficha kabatini. Mpango uko palepale.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilikwenda kumficha Dada Mfuko. Hang'oki. Saruji imevuja kwenye tundu la mdomo, imeshika mbao. Kila mwashi anajua mbao za zege hupakwa mafuta kwanza, zege lisigande nazo. Hata kibarua wa siku moja anajua. Lakini nani alishawahi kupaka mafuta kitanda cha mtoto? Nilikuwa bado navuta, mguu mmoja ukutani, kengele ikalia. Bi Miwani. Kawahi.

Nikatupa blanketi juu. Akaingia, akasalimia, akatazama jikoni, bafu, madirisha. Vizuri. Akafika chumba cha watoto. Akaona umbo kitandani. Akashusha sauti, akauliza ni nani amelala.

Lugha ya watu hawa naielewa ikisemwa, ila kuisema najua ya kazini tu: leta, shusha, zaidi, simama. Hakuna hata neno moja lililofaa. Hakimu anaijua yote. Akasema, ni dada yetu, tulimwogesha akawa jiwe.

Bi Miwani akabadilisha miwani. Akafunua blanketi. Akagusa. Ndipo kigae kikateleza. Kitanda kikaenda chini chote kwa mpigo, na Dada Mfuko juu yake, na vumbi. Mlango ukafunguka, Randa huyo, na nyundo mkononi. Nadhani alikuwa amesimama nje tangu alfajiri akingoja tu.

 Kisha mke wangu akasema yote. Akaanzia kidole, akapita kwenye mbao na mizani, akaishia kwenye beseni. Hakuacha hata moja. Mimi ningeacha kadhaa.

Niliona mwaka wetu wa pili ukienda na vumbi lile. Niliona yale mashavu.

Bi Miwani akachuchumaa mbele ya Hakimu. Akamwambia dada yao wa kweli hatawajua. Hatajua maneno yao wala chumba hiki. Atalia sana. Watafanyaje? Hilo halikuwa kwenye majibu yangu. Nikafumba macho.

"Tutamwacha alie kwanza," akasema Hakimu. "Hata baba hulia, akimaliza kuongea na bibi kwenye simu. Anajifungia bafuni na kufungulia bomba, anadhani hatusikii. Gundi anakaa mlangoni mpaka atoke. Na dada tutamkalia mlangoni."

Gundi akadakia kwamba baba hapandishi sauti, tunapenda mboga.

Nikawa natazama dari. Aliyepiga plasta ile alifanya kazi mbovu sana, ina mawimbi. Nilipoteremsha macho, Gundi alikuwa ameleta mto wake mwenyewe, anausukuma chini ya Dada Mfuko, pale sakafuni. Na Randa, mtu wa maneno, alikuwa akiichunguza nyundo yake kana kwamba hajawahi kuiona.

Bi Miwani akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikaitafuta. Nikasema kitanda nitakirekebisha.

"Kitanda mwachie jirani," akasema. Akaaga, akaondoka. Hakusema ndiyo wala hapana.

Mke wangu hajanigombeza. Ningependa anigombeze.

Jumatano, 26 Machi

Tumepita! Binti yetu anakuja mwezi ujao!

Simu ilimkuta mke wangu jikoni. Alikaa chini hapo hapo sakafuni, akashika kile kidole chake, akanipigia. Nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi. Nikawapigia kelele wote, mpaka dereva wa winchi akafungua kioo. Nyapara alisema nishuke kabla sijaanguka na kuacha watoto watatu. Watatu! Yeye ndiye wa kwanza kuitaja hesabu hiyo kwa sauti. Nikamwomba aseme tena.

Wanangu nimewabeba wote wawili kwa pamoja, na mgongo haukuuma. Hakimu katangaza kwamba dada atapata dirisha siku zote, zamu zimefutwa. Gundi amelala mikono wazi, ameacha nafasi. Kama kuna mwashi mwenye watoto kama hawa, aje tupimane.

Mke wangu anasema Bi Miwani kamwambia kilichoamua ni ule mlango wa bafuni. Siwezi kubishana na mwanamke mwenye furaha. Lakini mambo yako wazi. Bila Dada Mfuko, Gundi angejulia wapi kumpa mtu mto wake? Na bila kitanda changu kuanguka, Dada Mfuko angefikaje sakafuni? Ni mpango wangu uliofanya kazi, ingawa haukupita njia niliyoupangia. Nimemweleza Randa hivyo. Akasema hongera sana, shemeji, na safari hii hakutania. Ikaniudhi zaidi.

Ameleta kitanda alichokiunda mwenyewe. Zawadi. Kimenyooka. Hakina kilima. Nimekitikisa kwa mikono miwili, hakilii. Mke wangu kakipangusa mara tatu, na hakina vumbi. Dada Mfuko sasa tunamweka mlangoni, mlango usijifunge, na Gundi akipita anamsalimia.

Yamebaki mambo mawili madogo. Kwanza, watoto hawajafanya mazoezi ya uwanja wa ndege. Nimeshauangalia mfuko mmoja wa mchanga pale kazini. Mchanga waumwagie maji watakavyo, haugandi.

Pili, nimechunguza miguu ya kitanda cha Randa. Myembamba. Mtu wa mbao hajui uzito wa mtoto. Jumamosi Randa anakwenda kazini, na mke wangu atawapeleka watoto kununua viatu. Nitaimwagia zege kidogo tu miguuni, isitikisike.

Na safari hii nitapaka mafuta kwanza.