Milipuko Kumi na Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Balaa! Kiwanda chetu cha sabuni kimeletewa programu ya kompyuta inayoigiza boila: presha, moto, vali, ving'ora, vyote vya uongo. Atakayeimudu ndiye mkuu mpya wa zamu. Miaka kumi na minne nakimezea mate kiti hicho! Nimejaribu. Nimelipua boila dakika ya sita. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi nilimwombea mimi, hakulipua kitu. Akanipa pole. Pole ile imeniunguza kuliko mvuke.

Jumanne, tarehe 4
Nimepata dawa! Neno la siri la shemeji kwenye programu ni jina la paka wake. Wenzangu walipokwenda kula, nikaingia kwa jina la shemeji, nikafunga maji, nikaongeza moto. Bum! Mara nne. Rekodi yake itanuka. Njaa inauma, ila mvumilivu hula mbivu.

Alhamisi, tarehe 6
Milipuko kumi na mmoja, hakuna uliofanana na mwenzake. Mazoezi yangu mwenyewe sijagusa. Muda nitautoa wapi? Mke wangu kauliza mbona nakonda. Nimejibu kazi ni kazi.

Ijumaa, tarehe 7
Nimekwisha. Mkufunzi, mama mpole wa miwani, katangaza kwamba shemeji kafanya mazoezi kuliko wote, hata saa ya chakula. Eti anayethubutu kukosea kwenye boila ya uongo hatakosea kwenye ya kweli. Eti mlipuko wa tisa hata yeye hajawahi kuuona. Makofi! Shemeji akaapa hajui lolote; saa ya chakula yeye hula.

Mkufunzi akatutazama. "Basi fundi huyu ni nani?"

Fundi! Miaka kumi na minne hakuna aliyeniita hivyo. Mkono ukainuka wenyewe.

Jumamosi, tarehe 8
Meneja kanisimamisha wiki mbili. Kiti kapewa shemeji. Kaja nyumbani, kasema yamekwisha, nikirudi atanifundisha mwenyewe, polepole, tangu somo la kwanza. Nimejifungia bafuni nikalia. Mke wangu kaniwekea sahani akaenda zake, kama analisha mpangaji aliyeshindikana.

Jumatatu, tarehe 10
Asubuhi nzima nimetazama ukuta. Sifai. Mchana mkufunzi kapiga simu: anachunguza makosa ya waendeshaji mitambo, anaomba nimweleze ule mlipuko wa tisa. Nimemwambia huo ni cha mtoto, nitampa ishirini. Sharti langu moja tu: aniingize kwa jina la meneja.