Sanduku Linalonguruma Ukutani Kwangu

Mbugani, Kyela,
Novemba 1996.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Ambrose, mwanangu,

YAH: SANDUKU LINALONGURUMA UKUTANI KWANGU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, na wewe wahusika zaidi. Usishangae mama yako kukuandikia barua na huku chumba changu cha uani kimeungana na nyumba yako. Tangu ufunge kiyoyozi, madirisha yenu hayafunguliwi, na nikiita hamsikii. Baridi mnapata ninyi. Lile sanduku lake la nje umenitundikia mimi, pembeni ya dirisha langu, eti upande wa barabarani lingeharibu sura ya duka. Nilipolalamika ukanijibu, "Mama, hiyo ni sauti ya maendeleo, utaizoea."

Sijaizoea. Sikiliza sasa:

1. Linanguruma kama lori lililonasa kwenye tope na dereva kaenda kunywa. Vikombe vinacheza kabatini. Nimehamishia kitanda ukuta wa pili, ngurumo ikanifuata kwa njia ya bati. Zamani tulipanga foleni ya sabuni na sukari, lakini tulilala. Siku hizi kila kitu ruksa, maduka yamejaa, usingizi ndio umeadimika.

2. Asubuhi watu wananisalimia "ugonile", yaani nimelalaje. Mimi ni mama wa kanisa. Nikijibu nimelala, nimedanganya hata chai sijanywa. Juzi nikasema kweli, kwamba sikulala. Kufika saa nne Mama Anyosisye na wenzake wamejaa uani na mkungu wa ndizi, wakidhani tuna msiba. Ndizi nimezipika. Aibu ni yako.

3. Joto la Kyela Mungu alitugawia sote. Wewe fungu lako umelikataa, unalipulizia dirishani kwangu. Kesho ukipata homa nayo utaipitishia hapo hapo?

4. Wiki iliyopita mbuzi aliingia kwenye mpunga uliouanika. Nikakuita mpaka Mbugani nzima ikaitika, isipokuwa wewe mwenye mpunga. Mbuzi hajambo.

5. Hili ndilo kubwa. Mjukuu wangu Kisa alikuwa analala kwangu. Sasa analala huko kwenye baridi yenu, amevaa sweta. Sweta, Kyela, Novemba! Kama mlitaka baridi, mabasi ya Tukuyu yanaondoka kila asubuhi. Mimi nimebaki kuzungumza na sanduku, na lenyewe halimpi mtu nafasi ya kumaliza sentensi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote ulizobakiza, fundi aling'oe kabla ya Jumapili. La sivyo nitapeleka jambo hili kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa wazee wa kanisa, na kwa wakwe zako Karonga, ambao walimtoa binti yao wakijua anaolewa Kyela, si kwenye friji.

Msalimie mkwe wangu Rut, wajukuu wote, wauzaji wako dukani, na huyo fundi mwambie namwombea.

Niliyekuzaa na sasa nimekesha,
Ikupa, mama yako.

N.B. Nayaongeza haya nikiwa sebuleni kwako. Nilileta barua mwenyewe, sikukuta mtu, nikaketi kwenye kochi kusubiri, nikafunga mlango kwa ufunguo baridi isitoroke. Ambrose, huku ndani ile ngurumo haipo. Nimelala hadi jua limegeuka. Fundi asiliguse lile sanduku. Kisa apewe mto wangu auingize kwa dirisha la jikoni, na yeye afuate hapo hapo. Barua naipitisha chini ya mlango. Kama ni wewe unayegonga, endelea tu. Sisikii.