Wazee wa Gesima Wamenitoa Uwanjani

Gesima,
9 Septemba 1974

Kwa Mchungaji Josiah Onchiri,
Mwenyekiti, Kamati ya Nyumba ya Wazee.

Mchungaji mpendwa,

Kwa heshima nyingi, na kwa mgongo unaouma, naomba mazoezi ya wazee yapigwe marufuku.

Mliniajiri nipange michezo ambayo hakuna mzee atakayeachwa nje. Nilifika na filimbi, kaptura nyeupe na cheti cha Nairobi. Kufikia leo aliyeachwa nje ni mimi peke yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mzee Ishmael haoni. Nilimwekea kiti kando asikilize wenzake wakirushiana mpira. Yeye akautia mpira ndani ya gunia pamoja na vizibo vya soda, ukawa unalia kila unaporushwa. Sasa anaudaka bila shida. Mimi mwenye macho mawili ulinipiga puani.

2. Mama Jemimah hainuki kitandani. Wenzake walisukuma kitanda hadi dirishani, wakamfanya refa, wakampa filimbi. Filimbi hiyo ni yangu. Jumanne alinitoa uwanjani kwa kubishana naye.

3. Alhamisi tulivuta kamba tukiwa tumeketi vitini, ili wasioweza kusimama nao washiriki. Kwa huruma nilikaa upande wangu peke yangu, kina mama watatu upande wa pili, nikawasihi wavute polepole wasije wakaumia. Mama Bathsheba, ambaye amelima wimbi tangu kabla sijazaliwa, akaniuliza, "Tuvute sasa, mwanangu, ama bado unaomba?" Wakavuta. Niliondoka na kiti, nikatua kwenye migomba.

4. Tangu hapo siwezi kuinama. Jana nilipotoka nje ili niongoze mazoezi, mama huyo huyo alinitandikia blanketi kwenye benchi. "Keti hapa," akasema, "tutakutafutia mchezo unaokufaa." Nikapewa zoezi la kukunja na kukunjua vidole. Hata hilo nilisahihishwa.

Kwa hiyo kamba ifungiwe stoo, nami nihamishiwe mahali penye wazee wagonjwa kweli.

Nisalimie mama mchungaji, wanakwaya wote, na yule fundi wa mifupa wa Kisii. Mwambie naja.

Ni mimi mtiifu wako, ninayeandika nikiwa nimelala kifudifudi,

Walter Onsongo,
Mwalimu wa Mazoezi.

Tena: Mchungaji, tafadhali usifanye lolote kuhusu barua hii. Nimeambiwa sasa hivi kwamba wazee wa Ogembo wanakuja Jumapili kuvuta kamba nasi, na Mama Bathsheba ameniweka kwenye timu, nyuma kabisa. Niliposikia jina langu likitajwa nilikaribia kulia. Uje utuone. Na kama kuna kamba ndefu zaidi hapo kanisani, utuletee.