Rekodi ya Saa Tatu Asubuhi

Jumatatu, 27 Oktoba
Miaka thelathini na sita, kilo tisini, na bado nashindwa na mchezo wa matofali yanayoanguka, ulioundwa kabla sijaota meno. Ubao wa rekodi kwenye ukumbi wa michezo ya video wa Saidati: Umurerwa, 214,300. Wellars, yaani mimi, 124,900. Mwenye rekodi ndiye atakayetuwakilisha kwenye mashindano ya Musanze Jumapili. Umurerwa huvusha karoti kwenda Goma asubuhi, na mchana hucheza huku akitafuna sambusa. Hiyo sambusa ndiyo inayoniuma.

Jumanne, 28 Oktoba
Nimegundua! Nikibadilisha tu nafasi za tarakimu 1 na 2 kwenye alama zangu, nampita kwa mia sita. Nimepiga picha ya skrini na kuirekebisha kwa simu. Dakika nne. Ikabaki kuandika siku na saa, tena saa isiyo na mashahidi. Nikakumbuka: Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, hapakuwa na mtu hata mmoja ukumbini. Nimeandika hivyo. Akili ninayo, jamani.

Jumatano, 29 Oktoba
Saidati yuko Goma kwa dada yake, ukumbi anao mumewe. Nimeichapisha picha na kuibandika ubaoni mwenyewe. Watu wakanipa mkono. Umurerwa akaitazama, akaweka sambusa chini, akauliza kwa upole: “Samedi saa tatu? Si tulikuwa umuganda, papa?”

Umuganda! Kazi ya pamoja ya lazima, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Maduka yote yamefungwa, kila mtu ana jembe mkononi. Kumbe ndiyo maana hapakuwa na mtu.

Nikajibu kwamba nilitoroka. Nililifurahia jibu hilo hadi mlangoni, ambapo Kimenyi, kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji chetu, alikuwa amesimama akisikiliza. Jumamosi alisimamia mfereji wa juu, hakuniona.

Alhamisi, 30 Oktoba
Kimenyi hakugomba. Alinionyesha mita kumi na mbili za mfereji, akasema ni zangu, akaniachia mvua. Nimechimba tangu saa moja hadi saa sita. Jambo la kusikitisha ni kwamba Jumamosi nilikuwepo. Nilichimba kama wengine. Sasa ni mimi peke yangu Rubavu nzima niliyefanya umuganda mara mbili ili kuthibitisha kwamba sikuufanya. Lakini rekodi ipo.

Ijumaa, 31 Oktoba
Saidati amerudi. Ameingia na ufunguo mkono mmoja na jembe lisilo na mpini mkono wa pili. Akasema mbele ya wote: “We Wellars, ile samedi ufunguo ilikuwa mu mufuko yangu, na mi nilikuwa nyuma yako mu mufereji. Jembe hii ulivunja ni yangu. Donc, ulicheza na nini?”

Picha imebanduliwa. Kimenyi amekiri kwamba mita zile kumi na mbili hazikuwa deni langu, ila mfereji umetoka mzuri. Umurerwa hakucheka. Ameniomba nimsindikize Musanze nimshikie sambusa.

Jumapili, 2 Novemba
Umurerwa ameshinda. Nilishika sambusa sita, nikarudisha nne.

Njiani kurudi nimelichunguza kosa langu bila kujionea huruma. Nilichagua saa mbaya, hilo tu. Saa nzuri ni Ijumaa, saa saba mchana. Saidati na mumewe huwa msikitini, mlango una kufuli, na hakuna hata mtu mmoja wa kunipinga.